Pointi za telefone na kazi za nyumba

Swali hili limerudi mara mbili kwenye mikutano yetu: zile programu za telefone zinazowapa watoto pointi wakifanya kazi za nyumba, zinatufaa? Mama mmoja wa Manika ameonyeshwa moja na dada yake aliye Ubelgiji, naye ameipenda. Mwenzake anasema ni njia ya kuharibu watoto tu.

Kwanza tuone zinavyofanya. Mzazi anaandika kazi kwenye telefone: kuteka maji, kuosha masahani, kufagia parsele. Mtoto akimaliza anatia alama na pointi zinaingia. Habitica, iliyoanza Marekani mwaka 2013, inageuza kazi kuwa mchezo: ukifanya, unapata dhahabu ya mchezo, ukiacha, unapoteza nguvu. GoHenry ya Uingereza inaenda mbali zaidi, maana mtoto ana kadi yake na kazi inalipwa feza ya kweli. Tusicheke. Hapa kwetu kuna wamama wanaotuma mega au kidogo cha M-Pesa kwa mtoto mkubwa baada ya kazi. Ni jambo lile lile.

Mimi ninatenganisha mambo mawili: kuhesabu na kulipa.

Kuhesabu ninakubali. Wala si lazima intaneti, kwa sababu SNEL ikikata, telefone inazima na pointi zinalala nayo. Chukua karatasi ya kaye, uibandike ukutani. Majina ya watoto upande mmoja, siku za juma juu. Kila kazi iliyofanywa, alama moja, hata ya kipande cha makala. Jumapili mketi wote mhesabu.

Mama mmoja wa kikundi alinionyesha karatasi yake. Binti wa miaka 11 alikuwa amejaza mstari mzima: bidoni za maji asubuhi na jioni, kuwasha mbabula, kutwanga sombe, kubeba mdogo wake mgongoni. Kaka yake wa miaka 13 alikuwa na alama 3, na 2 kati yake ni za kutumwa kununua makala (ambako bila shaka alipitia kwenye mpira). Mama yule alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Mwalimu, sikuwa ninaona.” Binti kama huyo ninamjua darasani. Saa nne anasinzia, kazi ya masomo haijafanywa, na sisi walimu tunamwita mvivu!

Kulipa ndiko kunakoniogopesha. Mwaka 2008 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello, wa Leipzig kule Ujerumani, walitoa jaribio lao na watoto wa miezi 20. Mtu mzima anaangusha kitu, mtoto anakiokota na kumrudishia. Watoto wengine walipewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia, wengine walisifiwa kwa mdomo, wengine hawakupewa chochote. Baadaye zawadi ilipoondolewa, waliozoea kupewa ndio waliosaidia kidogo kuliko wenzao.

Huko Leipzig mtoto akiacha kusaidia, hasara ni ndogo. Kolwezi ni mambo mengine. Mtoto tuliyemzoeza kwamba bidoni moja ina bei yake, tumemfundisha kuuliza bei ya jasho lake, na bei nyingine haiko mbali na mlango. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 iliandika juu ya watoto wa hapa kwetu waliookota na kuosha mawe ya kobalti, wengi wakipata franka 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Mama gani atashindana na kariere kwa mega? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inakataza kazi za namna hiyo, lakini mtoto anapotoka asubuhi, sheria haiko mlangoni kumwuliza anakwenda wapi.

Sisemi mega ndizo zinazopeleka watoto kwenye mawe. Njaa ndiyo inayowapeleka, sote tunajua. Ninasema tusiwatengenezee njia sisi wenyewe.

Basi kazi ya nyumba isilipwe. Ishukuriwe kwa jina, mbele ya baba na wageni: “Maji haya ameleta fulani.” Karatasi ikijaa, zawadi iwe ya wote, kwa mfano watoto wachague chakula cha Jumapili. Akikusaidia kuuza sokoni siku ya mapumziko, hiyo ni biashara, mpe kidogo chake. Hata sisi kwenye likelemba kila mmoja anapata zamu yake. Na dada wa Ubelgiji akikuwekea programu, itumie kuhesabu, feza uiache nje.

Mkutano ujao kila mama alete karatasi yake ya juma moja. Tutaanza na mistari ya wavulana.