Kuuzwa kwa Hasheem Thabeet: Nani Alikosa?

Mabaraza ya Malindi hayajapata kukosa neno. Baada ya sala ya Isha, kahawa ikishapita mkono kwa mkono, watu huhukumu kesi za dunia nzima bila ya wakili wala karani: bei ya samaki, mwandamo wa mwezi, na zaidi ya yote, mpira. Na katika mpira hakuna kesi inayowagawanya watu kama ile ya kijana mwenye kipaji ambaye leo hung'ara na kesho huzimika. Je, timu imvumilie au imtoe?

Swali hili huulizwa juu ya vijana wetu wa kandanda wa Kilifi, Mambrui na Watamu, wanaochukuliwa na timu za Mombasa na Nairobi kwa shangwe, kisha wengine wao wakarejeshwa makwao kimya kimya. Lakini mfano mkubwa kuliko yote miongoni mwa Waswahili si wa kandanda. Ni wa mpira wa vikapu, nao ni wa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyetolewa na Memphis Grizzlies ya Marekani tarehe 24 Februari 2011. Miaka imepita, lakini wapenzi wa mchezo huo wakikutana, kesi yake hufunguliwa upya.

Natumjue kwanza mwenyewe. Thabeet alizaliwa tarehe 16 Februari 1987. Alifiwa na babake akiwa angali kijana mdogo, na mpira wa vikapu hakuuanza ila alipokuwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao watoto wa Kimarekani wanaotarajiwa kuwa mabingwa huwa wamekwisha kuucheza nusu ya maisha yao. Kimo ndicho kilichomwita uwanjani. Ana futi 7 na inchi 3, hata milango ya nyumba zetu za kale humlazimu mtu kama yeye ainame sana kabla ya kupiga hodi.

Alikwenda Marekani, akamalizia masomo ya sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya mkufunzi Jim Calhoun. Huko alisifika kwa kuzuia. Mwaka 2008 na tena 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Katika msimu wake wa mwisho alipata wastani wa pointi 13.6 kwa kila mechi, akadaka mipira 10.8 iliyodunda kutoka ubaoni, na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Hizo si takwimu za mtu wa kubahatisha.

Hata hivyo, dalili za kigeugeu cha mchezo wake zilikuwako kwa mwenye kutaka kuziona. Mwezi wa Februari 2009, Connecticut ikiwa ndiyo timu ya kwanza katika vyuo vya Marekani yote, ilikutana na Pittsburgh yenye kijana aitwaye DeJuan Blair, mwenye futi 6 na inchi 7 tu. Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23. Thabeet alifunga pointi 5 na kudaka mipira 4. Connecticut ikafungwa nyumbani. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana heshima ya mchezaji bora wa Big East, lakini soko halikuwagawia sawa. Siku ya uteuzi wa wachezaji wapya, tarehe 25 Juni 2009, Memphis ilimchukua Thabeet wa pili katika orodha nzima, nyuma ya Blake Griffin peke yake, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ya NBA. Blair alingoja mpaka nafasi ya 37, akachukuliwa na San Antonio. Na waliokuja nyuma ya Thabeet ni nani? Wa 3 ni James Harden, na wa 7 ni Stephen Curry. Anayeijua ligi hiyo hahitaji kuambiwa zaidi.

Mambo ya Memphis hayakumwendea vyema. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68 kwa wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 akapelekwa katika ligi ndogo, kwa Dakota Wizards, akajifunze upya. Hakuwa amepata kupelekwa huko mchezaji aliyeteuliwa juu kama yeye. Sisi tuliosoma vyuoni twaijua hali hiyo: ni kama mwanafunzi aliyetangazwa mtaa mzima kuwa anakaribia kuhitimu, kisha mwalimu akamrudisha kwenye Juzuu Amma mbele ya wenziwe. Huenda marejeo hayo yakamfaa, lakini uso wake hautasahau. Msimu wa pili alizidi kukaa benchi, kwani nafasi ya kati ilikwisha kushikwa barabara na Mhispania Marc Gasol.

Ndipo siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ikafika, siku nane tu baada ya yeye kutimiza miaka 24. Memphis iliipa Houston Rockets vijana wawili, Thabeet na DeMarre Carroll, pamoja na haki ya kuteua mchezaji mpya siku za mbele. Ikapokea Shane Battier, mtu mzima wa miaka 32, na kijana Ishmael Smith. Katika ligi ile mchezaji kwa kawaida haulizwi. Hulala wa Memphis akaamka wa Houston. Wazee wa pwani hii, inayokumbuka masoko na mashamba ya karne ya 19, hawalipendi neno hilo la kuuzwa kwa mtu, hata kama mwenyewe analipwa mamilioni. Lakini ndilo linalotumika, basi nasi tulitumie.

Wanaosema Memphis ilikosa hutoa hoja nzito. Mtu mrefu, wasema, hukomaa polepole. Humtaja Hakeem Olajuwon wa Lagos, ambaye naye aliuanza mchezo huo ukubwani. Lakini yeye alifika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, akawekwa kando mwaka mzima akijifunza, na hakuingia NBA ila mwaka 1984. Baadaye aliipa Houston ubingwa mara mbili, 1994 na 1995. Humtaja pia Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyeingia ligi hiyo mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Hawa walipewa muda wa kukomaa kabla ya kuingizwa sokoni. Thabeet, wasema, aliuzwa katika umri ambao Mutombo alikuwa bado hajaanza kulipwa.

Upande wa pili nao haukosi la kusema. Memphis ilikuwa imecheza mechi 12 za mchujo wa ubingwa tangu kuundwa kwake, na zote 12 ilishindwa. Tarehe 17 Aprili 2011, wiki zisizotimia nane baada ya mabadilishano yale, ilikuwa ugenini kwa San Antonio, timu iliyoongoza kanda yote ya magharibi. Zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 25, Battier alitupa mpira kutoka mbali, ukaingia, pointi tatu. Memphis ikashinda 101 kwa 98, kisha ikaitoa San Antonio kwa mechi 4 kwa 2, timu ya nane kuiangusha ya kwanza. Muulize mpenzi yeyote wa Memphis kama angerudisha siku ile ili apate kumngoja kijana akomae!

Tena, wasema hao, hebu tutazame huko alikokwenda. Houston ilimchezesha mechi 7 tu katika mwaka mzima. Machi 2012 ikampeleka Portland. Oklahoma City ilikaa naye misimu miwili, na mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Kama tatizo lilikuwa ni mikono ya Memphis, mbona mikono mingine mitatu haikulitibu?

Baada ya kuwasikiliza wote, naona kesi hii huamuliwa vibaya kwa sababu hushtakiwa tarehe isiyo yake. Watu hubishana juu ya Februari 2011, na kosa lilitendeka Juni 2009. Kuuza kulikuwa sawa. Memphis ilihitaji mtu aliyekomaa na ikampata. Kosa lilikuwa kununua embe bichi kwa bei ya embe bivu, kisha kulikasirikia embe kwa ukali wake. Kijana hakujiteua mwenyewe wa pili. Hakupanga yeye kwamba Harden na Curry waje nyuma yake. Lau angechukuliwa nafasi ya 20, pengine angeitwa mlinzi mrefu wa kusaidia timu, akaachwa ajifunze, na hakuna ambaye angemcheka. Walimpandisha wengine, na alipoteremka wakamdai yeye nauli.

Liko na jambo jingine ambalo wabishi wengi hulisahau. Katika furushi lile alikuwamo Carroll, aliyeteuliwa wa 27 mwaka ule ule wa 2009, aliyetiwa kama kifungasho. Houston nayo ilimwacha. Akahama timu moja hadi nyingine, hata mwaka 2013 akafika Atlanta, ambako alipata nafasi na mkufunzi wa kumwamini. Msimu wa 2014-15 Atlanta ilishinda mechi 60 naye akiwa katika kikosi cha kwanza, na mwaka 2015 Toronto ikampa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya karibu dola milioni 60. Watu wote walibishana juu ya mrefu, na hapana aliyemtazama huyu mwingine.

Na hapa ndipo kisa cha Memphis kinapogusa Kilifi. Timu ni biashara, na mfanyabiashara ana haki ya kupunguza hasara. Mzazi na jirani hawana haki hiyo. Kijana wetu akirudishwa kutoka timu ya mjini, baraza lililomwimba juzi ndilo linalomwita bure leo, naye akaona haya, akaacha mazoezi, na mara nyingi shule alikuwa amekwisha kuiacha kwa ajili ya mpira. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la timu yoyote, huandikwa nyumbani. Mwenye kumtoa mwanawe akacheze na aangalie kwanza masomo yake yalindwe, na akirudi apokewe kama msafiri, si kama mhalifu.

Thabeet mwenyewe hakuutupa mpira. Mwaka 2017 alicheza Japani, mjini Yokohama, na mwaka 2020 akaenda Taiwan, akiwa amekwisha kupita miaka 30. Hilo ni jibu la mtu mzima kwa kelele za waliomhukumu akiwa kijana. Nami namaliza kwa beti moja:

Kuuza si kosa kuu, mizani ikikubali,
Kosa ni kupanda juu, kuchuma lisokamili,
Tunda halina miguu, kumkimbia dalali,
Mwenye pupa ya makuu, ndiye alipaye ghali.