Kiesperanto: Lugha ya Matumaini na Wito wa Umoja

Agosti 2024, jiji la Arusha lilikuwa mwenyeji wa Kongamano la 109 la Dunia la Kiesperanto. Tangu makongamano hayo yalipoanza mwaka 1905, hilo lilikuwa la kwanza kufanyika barani Afrika. Ni vema basi waamini wakaifahamu lugha hii: imetoka wapi, inakusudia nini, na kwa nini Mama Kanisa ameipatia nafasi hata katika Liturujia.

Mji uliogawanyika

Mwasisi wa Kiesperanto, Ludwik Lejzer Zamenhof, alizaliwa tarehe 15 Desemba 1859 katika mji wa Białystok, uliokuwa chini ya Dola ya Urusi na ambao leo uko nchini Poland. Mjini humo waliishi Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani. Kila kundi lilikuwa na lugha yake, na makundi hayo yalitazamana kwa mashaka. Zamenhof, Myahudi aliyekuja kuwa daktari wa macho, alisadiki kwamba tofauti za lugha zilichochea sana uhasama ule. Akaazimia kuunda lugha ya pili kwa watu wote, isiyo mali ya taifa lolote, ili watu wa mataifa mbalimbali wakutane bila mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Hakukusudia kuziondoa lugha za mama.

Kitabu chake cha kwanza kilichapishwa Warsaw mwaka 1887, kwa jina la kalamu la Daktari Esperanto, yaani “atumainiye”. Jina hilo la mwandishi likageuka kuwa jina la lugha yenyewe.

Kanuni zake za msingi ni 16 tu. Majina huishia kwa -o, vivumishi kwa -a, na vitenzi vyote hufuata utaratibu mmoja. Maneno hujengwa kwa viambishi: patro ni baba, patrino ni mama, bona ni -ema, malbona ni -baya. Mzungumzaji wa Kiswahili hukuta humo mambo mawili aliyoyazoea: irabu tano, na mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo, mizizi mingi ya maneno imetoka katika lugha za Ulaya. Kwa hiyo Mwafrika anayejifunza hubeba mzigo mzito kidogo kuliko Mwitalia. Usawa aliouota Zamenhof haukutimia kikamilifu.

Lugha peke yake haitoshi

Mwaka 1905 watu wa mataifa mengi walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika kongamano la kwanza, wakaelewana bila mkalimani. Mwaka mmoja tu baadaye, mwezi Juni 1906, Wayahudi wengi waliuawa katika ghasia pale pale Białystok. Zamenhof alipohutubia kongamano la Geneva mwaka huo, hakuyanyamazia mauaji ya mji wake. Alisisitiza kwamba ndani ya lugha hii lazima liwemo wazo la udugu. Bila hilo, lugha ni chombo kitupu.

Watawala wa mabavu walilitambua wazo hilo wakaliogopa. Waesperanto waliteswa chini ya Hitler na chini ya Stalin. Zamenhof mwenyewe alifariki mwaka 1917, lakini watoto wake wote watatu waliuawa na Wanazi: Adam mwaka 1940, na dada zake Zofia na Lidia huko Treblinka mwaka 1942.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo fundisho la karibu zaidi. Majirani zetu wa Rwanda walikuwa na lugha moja, Kinyarwanda, na wengi wao walikuwa wamebatizwa. Lugha hiyo moja haikuzuia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ilitumika hata redioni kuchochea chuki. Kuelewana kwa maneno hakujawa bado kupatana kwa mioyo.

Wakatoliki katika harakati hii

Mwaka 1903 Padre Mfaransa Emile Peltier alianzisha jarida la Espero Katolika, yaani Tumaini Katoliki, na mwaka 1910 ukaundwa Umoja wa Kimataifa wa Waesperanto Wakatoliki. Radio Vatikani ilianza kutangaza kwa lugha hii mwaka 1977. Mwaka 1990 Kiti Kitakatifu kilitoa kanuni za kuadhimisha Misa kwa Kiesperanto wanapokusanyika waamini wanaoitumia, na Misale yake ikachapishwa mwaka 1995. Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa akiwasalimu watu kwa Kiesperanto wakati wa Pasaka na Noeli.

Yupo pia shahidi. Padre Max Josef Metzger, Mjerumani, alizaliwa mwaka 1887. Alihudumu kama padre wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, akaona maangamizi, na tangu hapo akajitoa kwa ajili ya amani. Alitumia Kiesperanto kuwaunganisha Wakatoliki wa mataifa yaliyokuwa yamepigana. Mwaka 1943 alikamatwa kwa sababu ya waraka aliouandika kuhusu Ujerumani mpya yenye amani, na tarehe 17 Aprili 1944 akauawa. Alitangazwa Mwenyeheri huko Freiburg tarehe 17 Novemba 2024.

Babeli na Pentekoste

Katika simulizi la Babeli (Mwa 11), watu wenye lugha moja waliungana ili wajipatie jina. Siku ya Pentekoste (Mdo 2), Roho Mtakatifu hakuzifuta lugha. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha yake mwenyewe. Ndiyo sababu Kanisa laweza kukipokea Kiesperanto kama daraja, na papo hapo, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kuadhimisha mafumbo matakatifu kwa lugha za watu.

Katika parokia zetu, daraja hilo ni Kiswahili. Tukitunze kwa shukrani. Lakini tujiulize: mgonjwa anayeweza kuungama kwa lugha ya mama tu, tunamtafutia padre anayeielewa? Anayekosea matamshi anaposoma somo, tunamsaidia au tunamcheka? Na katika jumuiya ndogondogo, je, wawili wakigeukia kilugha mbele ya jirani asiyekijua, anabaki ndugu au anakuwa mgeni?

Mwenyeheri Max Josef Metzger atuombee, ili ndimi zetu zitumikie amani aliyotuachia Kristo.