Eddie alikufa Novemba, kwetu Zhongda alikufa Machi

Mliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita mlinisikia nikikwama. Tulikuwa tunataja mashujaa wetu wa utotoni. Zamu yangu ikafika, nikasema Eddie Guerrero, halafu sauti ikagoma. Tukakata pale, tukahamia mada nyingine. Wengi mmeuliza kulikoni, mtu mzima unamlilia mcheza mieleka aliyekufa 2005? Basi nimeona niandike, maana kwenye maikrofoni nitashindwa tena.

Nilikuja Guangzhou mwaka 2003, nikiwa na miaka minane. Hatukukaa Xiaobei, waliko Waafrika wengi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, kazi yake ilikuwa kuwapokea wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata vitambaa, kwa hiyo tulikaa hukuhuku Zhongda. Ambaye hajafika apate picha: ng'ambo ya barabara kuna chuo kikuu chenye miti na utulivu, na upande wetu ni maduka ya vitambaa yasiyoisha, majora yamepangwa mpaka darini, na pikipiki za umeme zinapita na mizigo mirefu kuliko zenyewe. Nyuma yake kuna vichochoro ambavyo majengo yamesogeleana hata jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Humo ndimo zilimo karakana za kushona. Wengi wanaofanya kazi humo ni watu wa Hubei, wageni kama sisi. Ndiyo maana Kichina changu mpaka leo kina lafudhi ya Hubei.

Jumapili jioni Mjomba alikuwa anapita na diski za mieleka, zile za kuuzwa barabarani zenye maandishi ya Kichina chini ya picha. Tulikuwa tunaangalia wote, mama analalamika, sisi tunapiga kelele. Wenzangu wa Dar walikuwa na Undertaker na Rey Mysterio. Sisi tulikuwa na Eddie.

Eddie hakuwa mkubwa. Ulingoni alionekana mfupi mbele ya wengi, na hilo ndilo lilimfanya awe wetu. Yeye na mpwa wake, Chavo, walijitangaza waziwazi kwamba wanadanganya, wanachakachua na wanaiba. Ujanja wake ninaoupenda kuliko wote ni ule wa kiti. Refa akigeuka, Eddie anachukua kiti cha chuma, anamrushia mpinzani, mpinzani anakidaka. Hapohapo Eddie anajiangusha chini anagaagaa. Refa akigeuka tena anamwona mtu ana kiti mkononi na mwingine yuko chini. Utamwambia nini? Mjomba alikuwa anacheka mpaka machozi. Kesho yake sokoni anafanya vilevile: anashika kitambaa, anasikitika, anaondoka polepole, anasubiri muuzaji amwite. "Huyo ni Eddie, anko," ananinong'oneza. Na kweli, tunaitwa.

Najua mtasema mieleka inapangwa. Matokeo yanapangwa, ndiyo. Kuanguka hakupangwi. Chini ya turubai la ulingo kuna mbao, na juu ya mbao kuna sponji nyembamba tu. Eddie alimalizia kwa mruko wa chura: anapanda kona ya juu, anaruka, anajikunja hewani kama chura, anatua kifua kwa kifua juu ya mtu. Mruko ule aliurithi kwa rafiki yake Art Barr, aliyekufa Novemba 1994 akiwa na miaka 28. Kila alipouruka alikuwa anamkumbuka. Nilipolijua hilo ukubwani nilirudia kuangalia pambano moja baada ya jingine.

Mengine pia niliyajua ukubwani, na hapa ndipo sisi watoto wa huku na kule tunapohusika. Eddie alizaliwa El Paso, Texas, tarehe 9 Oktoba 1967, mtoto wa mwisho wa Gory Guerrero, mcheza mieleka aliyepata jina kubwa Meksiko. Kaka zake watatu, Chavo, Mando na Hector, wote walikuwa wacheza mieleka. Uani kwao kulikuwa na ulingo kama kwingine kunavyokuwa na banda la kuku. Sasa sikieni hili. Alipokwenda kupigana Meksiko, nchi iliyompa baba yake heshima, aliingia kwenye kundi lililojiita Los Gringos Locos, yaani Wamarekani vichaa, watu wakamzomea kama mgeni. Aliporudi Marekani, alikozaliwa, akauzwa kama Mmeksiko: magari ya kudundadunda, lafudhi, kila kitu. Kule gringo, huku Mmeksiko. Mimi Dar binamu zangu wananiita Mchina, na hapa mtoto kwenye metro ananinyooshea kidole mpaka leo. Tofauti ni kwamba Eddie alivichukua vyote viwili, akavifanya mchezo, na ukumbi mzima ukaimba jina lake.

Tarehe 15 Februari 2004, ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco, alimshinda Brock Lesnar, jitu zima, akawa bingwa wa WWE. Kengele ilipolia alirukia watu ili ashangilie katikati yao. Diski ile ilichakaa kwetu.

Nyuma ya kicheko kile kulikuwa na mambo. Siku ya kwanza ya mwaka 1999 alipata ajali ya gari iliyomrusha nje, akaumia vibaya. Dawa za maumivu na pombe vikamshika. Novemba 2001 alikamatwa akiendesha gari amelewa, akafukuzwa kazi, ndoa ikayumba. Akaacha. Akarudi mwaka uliofuata, akarudiana na mkewe, akapanda mpaka juu kabisa. Alikuwa ametimiza takriban miaka minne bila pombe asubuhi ile ya 13 Novemba 2005, Minneapolis, alipokutwa hana fahamu kwenye chumba cha hoteli. Aliyemkuta ni Chavo, mpwa wake. Eddie alikuwa na miaka 38. Uchunguzi ulionyesha moyo wake ulishindwa ghafla kwa sababu ya mishipa iliyokuwa imeziba muda mrefu.

Hilo ndilo lililoniuma. Mtu alikuwa ameshatengeneza maisha yake. Lakini mwili una daftari lake la madeni, na haufuti deni kwa sababu umeomba msamaha. Miezi mitatu baadaye, Februari 2006, WWE ilitangaza mpango wa kuwapima wacheza mieleka wake, moyo ukiwemo.

Sisi hatukujua lolote. Diski zilikuwa zinachelewa, na kwenye diski Eddie alikuwa hai, anaruka. Mpaka Machi 2006, kaka mmoja aliyekuja kufuata mzigo wa lesi akatukuta tunaangalia, akauliza kwa mshangao, "Huyu si alishakufa?" Nikacheka. Mtaani kwetu Dar Undertaker alishakufa kama mara saba na mara zote alifufuka. Mjomba hakucheka. Akamwuliza alikufaje, nani alimkuta, akaambiwa. Alizima televisheni, akakaa kimya. Nilipoanza kulia akanishika kichwa: "Usinililie mimi, anko. Mimi sichezi mieleka."

Songa mbele mpaka 2017. Nilikuwa nasoma huku namsaidia Mjomba kazi, yeye ana miaka 43. Wiki mbili nzima alikuwa anasugua kifua. Ukimwuliza, anasema gesi. Nyumbani Tanga wakipiga simu: "Niko fiti kabisa." Mnajua wenyewe hilo neno fiti linavyofanya kazi huku kwetu. Mtu ana kontena la kupakia, ana wateja wanaomtegemea, ana ada za watoto. Akisema anaumwa, nani atashika mzigo? Kwa hiyo anajiweka sawa, refa akigeuka anamwona amesimama.

Asubuhi hiyo tulikuwa na wateja wawili wa Kariakoo, tukutane sokoni saa tatu. Mjomba hakutokea. Simu inaita, haipokelewi. Wateja wakasema mwache apumzike, jana mlipakia mpaka usiku. Maneno ya busara kabisa. Sijui kwa nini, mtu aliyenijia kichwani ni Chavo mbele ya ule mlango wa hoteli. Niliwaacha wateja palepale katikati ya majora, nikakimbia mpaka jengo lake, nikapanda ghorofa tano. Nikagonga. Kimya. Nikateremka kumwita mama mwenye nyumba, akapanda na rundo lake la funguo huku anasali kwa lugha yake.

Mjomba alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, shati limelowa jasho kama amemwagiwa ndoo. Aliponiona akasema, "Nipo, anko. Natoka sasa hivi."

Nikapiga 120. Hospitali walimzibua mshipa wa moyo siku hiyohiyo. Watanzania wa hapa walichanga, na fundi mmoja wa Hubei wa karakana ya chini alileta supu siku nne mfululizo bila kuulizwa. Daktari aliniambia kwa kifupi kwamba tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikwama. Chavo aligonga mlango, naye hakukuta nilichokikuta mimi. Nilijifunza kugonga kwa sababu yake na kwa sababu ya Eddie, mtu nisiyewahi kukutana naye, aliyekufa miezi minne kabla sijaambiwa. Deni hilo silipi kwa kuandika, lakini angalau mjue.

Mjomba alirudi Tanga 2018. Vidonge anameza, chumvi anasema amepunguza. Kila tarehe 13 Novemba nampigia, tunamkumbuka Eddie, tunabishana pambano gani lilikuwa bora. Mwaka jana nikamwuliza, "Mjomba, shikamoo, presha vipi?"

"Marahaba, anko. Niko fiti."

"Fiti siyo jibu. Namba."

Akanyamaza kidogo. "Mia na thelathini kwa themanini."

"Piga picha mashine unitumie."

Picha ikaja baada ya nusu saa. Mia na sitini kwa mia. Nilicheka peke yangu, kiti kilikuwa mikononi mwangu na yeye yuko chini anagaagaa. Halafu nikampigia dada yake, yaani mama. Jioni hiyohiyo alikuwa kwenye basi la Tanga.