Kufuli Lisiloonekana Ndani ya Kompyuta

Dereva wa lori huandika maneno ayapendayo nyuma ya gari lake, na mwenye gari asipokataa, hakuna wa kumzuia. Mwenye kompyuta naye hupenda kuweka katika kioo chake picha aliyoichagua mwenyewe. Lakini mwaka 2009 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipotoa Windows 7, mfumo wa kuendeshea kompyuta, toleo lake liitwalo Starter halikumruhusu mtumiaji kubadili picha hiyo. Toleo hilo liliwekwa katika kompyuta ndogo za bei nafuu, na mtu angeweza kudhani kuwa mashine yenyewe ilikuwa dhaifu mno.

Tuipime dhana hiyo kwa hesabu. Kioo cha kompyuta ni mkusanyiko wa nukta. Kompyuta nyingi za aina hiyo zilikuwa na nukta 1,024 kwa upana na 600 kwa kimo, yaani nukta 614,400. Kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. (Mwalimu mwenye lenzi yenye nguvu aisogeze karibu na mahali peupe pa kioo, weupe utatoweka, na rangi hizo tatu zitaonekana.) Mwanga wa kila sehemu huelezwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255. Hivyo rangi ziwezekanazo ni 256 × 256 × 256, sawa na 16,777,216. Picha ya mlima na picha ya mama yako hutofautiana kwa namba tu; wingi wa namba zipelekwazo kwenye kioo ni uleule. Isitoshe, Windows XP ya mwaka 2001 iliruhusu jambo hilo katika mashine zilizokuwa dhaifu zaidi.

Basi kizuizi kilitokana na biashara. Aliyelipa zaidi alipewa nambari ya kufungulia, na kompyuta ileile, bila kuongezewa kifaa chochote, ikapata uwezo wa toleo la juu.

Sidai kwamba kila kizuizi ni kibaya. Mwalimu afungaye mipangilio ya kompyuta za darasa ana sababu zake. Lakini kumwuzia mtu chombo kizima, kisha kumfungia sehemu yake, na hasa mnunuzi mwenye kipato kidogo, ni jambo ninaloona vigumu kulitetea. Waliokataa kulipa mara ya pili waliweza kuweka Linux, mfumo usiotozwa ada, na picha wakaichagua wenyewe.