Msitu wa Gishwati: Hesabu Iliyowaacha Wenyeji

Mama wa Busasamana alimaye viazi katika udongo mweusi wa volkano, karibu na mpaka wa Kongo, huenda akadhani kwamba habari za msitu wa Gishwati hazimhusu. Msitu huo uko mbali naye, upande wa kusini, nyuma ya vilima. Lakini mto Sebeya hutoka katika milima hiyo, ukapita katika wilaya yake ya Rubavu hadi Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku ule, magharibi na kaskazini mwa Rwanda, yaliua watu zaidi ya 130.

Mvua ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Mlima uliovuliwa miti ni kazi ya binadamu.

Ndugu msomaji, katika miaka ya 1970 Gishwati ulikuwa na eneo la hekta zipatazo 28,000. Humo waliishi Batwa waitwao Impunyu, waliopata nyama, asali na dawa msituni. Katika miaka ya 1980 ulifika mradi wa misitu na mifugo uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Sehemu kubwa ya msitu ikafanywa malisho ya ng'ombe, nyingine ikapandwa misonobari. Machoni mwa wapangaji nia ilikuwa njema: maziwa, mbao na kuni. Batwa hawakuwa na hati ya ardhi, kwa hiyo hawakuhesabiwa kuwa wenye mali. Wakatolewa. Tathmini iliyofanywa baadaye ilikiri kwamba hali yao ilikuwa mbaya kuliko kabla ya mradi.

Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, wananchi waliorejea kutoka uhamishoni walihitaji mahali pa kuishi, na msitu ukazidi kukatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta 600 hivi.

Batwa wengi nchini waliishi kwa ufinyanzi. Nyumba nyingi zilipika maharage katika vyungu vyao. Kisha sufuria na ndoo za plastiki zikajaa sokoni, na mabonde waliyochimba udongo yakageuzwa mashamba. Aliyekwisha kunyimwa msitu akanyimwa na udongo pia.

Yako yaliyorekebishwa. Sheria ya mazingira ya 2005, na ile ya 2018 iliyoifuata, zinataka athari za mradi zichunguzwe kabla kazi haijaanza. Mabaki ya Gishwati, pamoja na msitu wa Mukura, yalifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2020 UNESCO iliyatambua kuwa hifadhi ya viumbe hai. Miti inarudi. Lakini hifadhi nayo ina mipaka na walinzi, na Mtwa aliyezaliwa humo bado yuko nje.

Jambo hili si la Rwanda peke yake. Nchini Kenya, Waogiek walitolewa katika msitu wa Mau. Wakashtaki, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Mwaka 2022 Mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia, na washauriwe kabla ya mradi wowote katika ardhi yao.

Hakuna kamanda apelekaye doria bila kujua nani wanaishi upande ule. Mpangaji wa mradi afanye vivyo hivyo. Mradi ufikapo kijijini kwako, mwananchi, uliza mapema: Nani wanaishi hapa, hata kama hawana hati? Miti ikiondoka, maji yatapita wapi? Na mradi ukiisha, nani atarudi kukagua?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kandokando ya Sebeya, watu wamejenga kuta hizo kwa mikono yao.