Mama Mjamzito Akitapika Kupita Kiasi, Asisubiri Nyumbani

Mwanamke anapopata mimba, mwili wake hubadilika. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kichefuchefu. Anaamka asubuhi, anasikia harufu ya moshi au ya dagaa, na moyo unamchafuka. Anatapika. Kisha anakunywa maji, anapumzika kidogo na kuendelea na kazi zake.

Hali hii ni ya kawaida. Kati ya wajawazito 100, kama 70 au zaidi huipata. Huanza kabla ya mimba kutimiza miezi 2. Huzidi karibu na wiki ya 9. Kwa akina mama wengi hupungua mwezi wa 4 au wa 5.

Lakini kuna kutapika kwa aina nyingine. Mama anatapika chakula. Anatapika maji. Tumbo likiwa tupu, anatapika nyongo. Hakuna kinachokaa tumboni. Hali hii huwapata wachache, kama mama mmoja mpaka watatu kati ya 100. Huu si uvivu wala deko. Ni ugonjwa. Usipotibiwa unaweza kuua.

Leo tujifunze kutofautisha kutapika kwa kawaida na kutapika kwa hatari.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mimba ya miezi 2. Ni wakati wa palizi. Siku ya kwanza anatapika mara tano. Siku ya pili hawezi kwenda shamba. Majirani wanasema, "Huyu anakwepa jembe." Siku ya tatu hawezi hata kuketi.

Mume anamwambia mama yake, "Mama, naona hali si nzuri. Nimpeleke zahanati?"

Mama mkwe anajibu, "Mwanangu, hiyo ni mimba tu. Hata mimi nilitapika mimba yako. Itapita."

Mama mkwe hasemi uongo. Yeye alitapika, na ikapita. Lakini yeye alikuwa akinywa uji na uji unakaa. Mkwewe hajanyweka hata maji. Tangu jana asubuhi hajaenda haja ndogo.

Jioni mume anaazima baiskeli. Anampakia mkewe, na ndugu yake anamshikilia kwa nyuma asianguke. Mganga wa zahanati anauliza swali moja kwanza: "Dada, tangu jana umekojoa mara ngapi?"

Kwa nini anauliza hivyo? Kwa sababu mkojo ndio unaoonyesha kama mwili una maji. Mama asiyekojoa amekaukiwa. Damu yake imepungua maji. Figo zake ziko hatarini. Kukaukiwa maji ndiyo hatari ya kwanza ya ugonjwa huu. Njaa huja baadaye.

KWA NINI ANATAPIKA?

Wengine husema amerogwa. Wengine husema anamchukia mumewe. Hayo si kweli.

Mwezi wa Desemba 2023 wanasayansi wa Uingereza, Marekani na wenzao walitangaza matokeo ya utafiti wao. Waligundua kwamba mtoto aliye tumboni na kondo lake hutoa homoni iitwayo GDF15. Homoni hiyo huingia katika damu ya mama na kuamsha sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu. Mama ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo sana huumia zaidi, kwa sababu mwili wake haujaizoea.

Ndiyo sababu ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza wote kuumwa hivi. Ndiyo sababu pia mama aliyeumwa katika mimba ya kwanza huenda akaumwa tena katika mimba ya pili. Mama kama huyo aende kliniki mapema, mara anapojua ni mjamzito.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mama zahanati siku hiyo hiyo ukiona hata dalili moja kati ya hizi:

1. Kwa muda wa saa 24 hakuna chakula wala maji yanayokaa tumboni.
2. Hakojoi, au mkojo ni kidogo na una rangi nzito kama chai ya rangi.
3. Akisimama anaona kizunguzungu au anazimia.
4. Mdomo na ulimi vimekauka, na moyo unakwenda mbio.
5. Anatapika damu.
6. Ana homa, maumivu makali ya tumbo, au anasikia uchungu akikojoa.
7. Anatokwa na damu ukeni.
8. Anayumba akitembea, macho yanachezacheza, au anachanganyikiwa.
9. Anapungua uzito. Kama alikuwa na kilo 60 na sasa ana kilo 57, hiyo ni dalili mbaya. Tazama kadi yake ya kliniki.

Kumbuka pia kwamba malaria huleta kutapika. Usiseme "ni mimba tu" kabla damu haijapimwa. Na kama mama hakuwa akitapika, kisha akaanza baada ya mwezi wa 3, huenda ni ugonjwa mwingine. Katika miezi ya mwisho, kutapika pamoja na kuumwa sana kichwa, kuona ukungu machoni au maumivu chini ya mbavu ni dalili za kifafa cha mimba. Usingoje kupambazuke.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kama mama anatapika lakini bado anaweza kunywa na kukojoa, mambo haya yatamsaidia:

Anywe kidogo kidogo. Akinywa kikombe kizima mara moja, atakitapika. Ampime kwa kijiko. Vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 5. Kwa saa moja atakuwa amekunywa karibu nusu kikombe, na tumbo halitashtuka. Akitapika, apumzike dakika 10, kisha aanze tena.

Atumie maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya ORS kutoka zahanati ndiyo bora. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachotakiwa. Kama haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usijaze kijiko mpaka kifanye kilima. Usizidishe chumvi.

Ale kidogo, mara nyingi. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Kipande cha kiazi kitamu, muhogo uliochemshwa, mkate mkavu au uji mwepesi vinafaa. Awekewe chakula kidogo karibu na kitanda, ale kabla ya kuinuka asubuhi. Katika siku hizi ale kile kinachokaa tumboni. Mboga, maharage na samaki atarudia akipata nafuu.

Ajaribu tangawizi. Chai nyepesi ya tangawizi huwasaidia baadhi ya akina mama. Lakini haiwezi kuutibu ugonjwa ukiwa mkali.

Asile udongo. Baadhi ya wajawazito hutamani udongo ili kutuliza moyo. Udongo unaweza kuleta minyoo na kumpunguzia damu.

Asuuze mdomo kwa maji baada ya kutapika. Asipige mswaki papo hapo, maana uchungu wa tumbo hulainisha meno.

Kama vidonge vya kuongeza damu vinamchafua moyo, asivitupe. Amweleze muuguzi. Huenda akashauriwa kuvimeza usiku baada ya kula.

KAZI YA BABA NA JAMAA

Ndugu mwanamume, mkeo hawezi kusimama kwenye moshi wa kuni huku anatapika. Pika wewe, au mwombe dada yako apike. Jiko liwe mbali na alipolala. Mchotee maji. Mwache apumzike mahali penye hewa.

Usimlazimishe kula. Usimkasirikie akisema harufu yako inamsumbua. Hata sabuni aliyokuwa akiipenda inaweza kumchafua moyo sasa. Oga, kisha ukae naye. Mama anayetapika mchana na usiku huingiwa na huzuni kubwa. Wengine hufikia hata kukata tamaa ya kuendelea na mimba. Neno la kumcheka linamuumiza. Neno la kumpa moyo linamsaidia.

Hesabu mambo mawili kila siku: amekunywa kiasi gani, na amekojoa mara ngapi. Andika kwenye daftari. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Kazi hiyo ni yako. Daftari hilo litamsaidia mganga.

ZAHANATI WATAFANYA NINI?

Watapima uzito, mkojo na damu. Watamuuliza siku ngapi hajala. Mama asifiche, kwa sababu aliyekaa siku nyingi bila kula huhitaji pia vitamini B1. Vitamini hiyo ikikosekana ubongo unaweza kudhurika.

Kama amekaukiwa, ataongezewa maji kwa mshipa, yaani dripu. Atapewa dawa ya kuzuia kutapika inayofaa kwa mjamzito. Kama hali ni ngumu, atapelekwa kituo cha afya au hospitali. Huenda akalazwa. Huenda akarudi mara mbili au tatu. Hiyo haina maana kwamba dawa imeshindwa. Ugonjwa huu huchukua wiki nyingi.

Mama wengi wanaotibiwa mapema hujifungua salama.

USINUNUE DAWA OVYO

Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi. Ilienea nchi nyingi. Wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu na kupata usingizi. Baadaye ilijulikana kwamba inawadhuru watoto tumboni. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na vilema, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi. Ujerumani Magharibi iliiondoa dukani mwaka 1961.

Hilo litufundishe. Dawa salama za kutapika zipo, lakini mjamzito azipate kwa mganga au muuguzi. Asinunue dukani kwa kubahatisha. Asinywe mitishamba ambayo kiasi chake hakijulikani.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, kutapika kwa mimba ni kawaida. Kutapika mpaka maji hayakai si kawaida. Usiulize, "Je, wengine hawakutapika?" Uliza, "Je, maji yanakaa? Je, anakojoa?" Kama jibu ni hapana, azima baiskeli, tafuta pikipiki, ita majirani, mwende.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja dalili tatu za hatari kwa mjamzito anayetapika.
2. Mama mkwe katika mfano alikosea wapi?
3. Maji ya chumvi na sukari hutengenezwaje?
4. Mjamzito wa kijiji chetu akizidiwa usiku, tutamfikishaje zahanati? Nani ana chombo cha kumsafirisha? Kubalianeni leo, kabla haijatokea.