Daftari la mwenzake: picha isiyo na haraka

Sisi wapenzi wa sinema wa pwani tumelelewa na picha za Kihindi. Mtu aliyezoea kuketi saa tatu na zaidi akitazama "Sholay" ya mwaka 1975, yenye farasi, bunduki, nyimbo na vilio, si rahisi kumwambia atazame picha isiyo na vita wala mapenzi wala nyimbo, na ambayo hata wachezaji wake ni wanakijiji wasiopata kucheza sinema. Atakuuliza, "Sasa hapo pana nini?" Swali lake ni la haki, na leo nitajaribu kulijibu.

Picha yenyewe ni ya Kiajemi na jina lake maana yake ni "Nyumba ya rafiki iko wapi?" Aliitengeneza Abbas Kiarostami, mzaliwa wa Tehran aliyefariki mwaka 2016. Ilitoka mwaka 1987, na urefu wake haufiki saa moja na nusu.

Kisa ni kidogo. Katika kijiji cha Koker, kaskazini mwa Irani, mwalimu amemgombeza mtoto mmoja, Mohammad Reza, kwa kuandika kazi ya nyumbani katika karatasi badala ya daftari. Akirudia tena atafukuzwa shule. Jioni hiyo mwenzake Ahmad afika nyumbani, afungua mkoba, na kumbe amelichukua daftari la Mohammad Reza kwa makosa, kwani madaftari yao yafanana. Mwenzake akaa kijiji cha pili, Poshteh, ng'ambo ya kilima, wala Ahmad haijui nyumba. Basi. Picha nzima ni mtoto atafutaye nyumba ili arudishe daftari.

Kwa sisi Waislamu jambo hili lina jina, nalo ni amana. Kurudisha amana kwa mwenyewe ni amri iliyomo katika Suratun-Nisaa. Ahmad hatoi hotuba juu ya amana. Anamwambia mama yake mara moja, mara mbili, mara tano, kwamba daftari si lake na mwenzake atafukuzwa. Mama ana nguo za kufua na mtoto mchanga wa kubembelezwa. Anamjibu fanya kazi yako ya shule kwanza, kisha ukanunue mkate.

Hapa ndipo mwendo wa taratibu una kazi yake. Mkubwa asipomsikiliza mtoto, kwa mkubwa ni dakika moja tu imepita, lakini kwa mtoto ni jioni nzima. Kiarostami atuweka upande wa mtoto. Ahmad akipanda ile njia ya kilimani iendayo upogoupogo, twamtazama tangu chini hata juu, na akirudi, twamtazama tena. Picha ya haraka ingemfikisha mara moja, nasi tusingejua uzito wa safari yake.

Tena, picha hii haina adui. Mama ana kazi, mwalimu ataka nidhamu, na babu yake Ahmad apenda adabu. Babu huyu amtuma mjukuu sigara ilhali anazo mfukoni, ati apate kujifunza utii. Kisha mfanyabiashara wa milango ya chuma ataka karatasi ya kuandikia, naye achana ukurasa katika daftari la Mohammad Reza. Mtoto akataa, lakini nani amsikilizaye? Wazee wamekaa wakizungumza juu ya adabu, na amana yavunjwa mbele ya macho yao.

Usiku unapoingia, Ahmad akutana na mzee seremala, ambaye ndiye aliyetengeneza milango na madirisha ya mbao ya vijiji hivyo, na ambaye sasa aona watu wakiing'oa na kutia ya chuma. Msomaji aliyetembea vichochoro vya Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, akaona mahali palipokuwa na mlango wa nakshi pametiwa bati, atamwelewa mzee huyu bila mkalimani. Mzee aenda polepole kwa uzee wake, na mtoto mwenye haraka apunguza mwendo ili asimwache nyuma. Hapo twaona heshima ya kweli kwa mkubwa, na hakuna aliyemtuma wala kumchapa ili aifanye. Yeye peke yake ndiye mkubwa aliyejitolea kumsaidia, ingawa nyumba haikupatikana. Ampa Ahmad ua dogo alitie katika daftari.

Mwisho wake sitaki kuwaharibia, ila nasema kwamba kesho yake darasani ua lile laonekana, na mtazamaji aliyesubiri hujikuta ana machozi asiyojua yalianzia wapi.

Wazazi wengine watasema kwamba mtoto huyu alimwasi mama yake, na si mfano mwema. Ni kweli alitoka bila ruhusa. Walakini aliomba kwanza, akaeleza, akasihi, na hakuna aliyesikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kwa kutii tu, huenda akatii. Lakini siku moja atakapotumwa kuchana ukurasa wa mwenzake, atatii vilevile.

Basi kwa yule aliyeuliza hapo pana nini: pana mtoto mmoja mwenye jambo la kweli, na wakubwa wasio na nafasi ya kumsikiliza. Tazameni picha hii pamoja na watoto wenu. Na watakapotaka kusema neno katikati yake, nyamazeni muwasikilize.